Askari na Wazee: jozi mbili za spika ndefu, kwaya moja

Ninaye mwimbaji wa sauti ya pili ambaye herufi yake ya s hutoka na filimbi. Ukikaa safu ya nne ukumbini huisikii. Mimi nimesimama mbele yake, hatua tatu tu, kwa miaka 11, na filimbi hiyo naijua kama ninavyoujua mlio wa mlango wangu. Nikiletewa spika mpya, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni filimbi hiyo: ipo, haipo, au imegeuka kitu kingine?

Nafundisha kwaya ya watu 24. Jioni moja niliweka maikrofoni mbili pale pale ninaposimama, nikanasa dakika 40 za mazoezi pamoja na makosa yake yote. Si rekodi ya kumpigia mgeni. Katika ubeti wa pili kiti kinalia upande wa kushoto, nyuma kidogo. Mimi mwenyewe nakohoa. Kuna baba mmoja wa sauti ya nne anayeingia nusu pigo kabla ya wenzake kila mara, na nimeshamkatia tamaa. Lakini najua kila mmoja alisimama wapi, ana kifua gani, ana meno gani. Rekodi hii ikipigwa sijiulizi kama sauti inapendeza. Najiuliza kama ni wao.

Watu wengi hujaribu spika kwa wimbo wanaoupenda, na siwalaumu, nami nilianza hivyo. Tabu ni kwamba wimbo wa studio hakuna ajuaye ulisikikaje kabla ya fundi kuuchezea. Mpiga gitaa alinaswa chumba kimoja, mwimbaji kingine, siku nyingine, mwangwi ukatiwa na kompyuta. Mtu akisema spika fulani imetoa sauti halisi ya wimbo huo, halisi ya nini? Ukitaka kipimo kisichokudanganya, nasa sauti ya mtu unayeishi naye akisoma gazeti nje, mbali na kuta. Dakika mbili zinatosha.

Basi jozi nilizo nazo ni mbili, zote za kusimama sakafuni, zile ndefu zisizohitaji stendi. Majina ya kampuni nayaacha. Aina zote mbili zimeacha kutengenezwa, na toleo linalobeba majina hayo leo lina vitu vingine tumboni. Nyumbani kwetu zina majina yao. Jozi ya kwanza kijana wangu aliiita Askari: weusi, wanang'aa kiasi cha kujitazamia uso, kimo cha mita 1 na sentimita 12, kila mmoja ana wufa tatu, yaani vipaza vya sauti nene, za koni ya alumini, na twita, kile kidogo cha sauti nyembamba, ya chuma. Wakisimama huku na huku mwa televisheni utadhani kuna mkubwa anakuja kukagua gwaride. Jozi ya pili ni Wazee: mbao ya kahawia iliyopauka upande mmoja kwa jua, kimo cha sentimita 96, wufa mbili za karatasi za inchi 6.5, twita ya kitambaa, na pazia la mbele lililolegea kama soksi ya mwanafunzi.

Askari niliwanunua mimi, kwa akili zangu timamu, baada ya kusikiliza dakika 20 dukani. Muuzaji alikuwa kijana mwenye adabu. "Mzee, hebu sikiliza hii sasa," akapiga wimbo wenye ngoma, gitaa la besi na manyanga. Alitoka jozi moja kwenda nyingine bila kugusa kitufe cha sauti. Jozi ya kwanza ilikuwa nzuri. Askari walipoanza, manyanga yaliniingia masikioni kama mchanga uliotupwa, besi ikagonga kifua, na ile jozi ya kwanza ikawa ghafla kama imefunikwa blanketi. Nililipa siku hiyo hiyo.

Baadaye nilisoma vijitabu vya zile jozi mbili za dukani nikaelewa nilichonunua. Kila spika huandikiwa inatoa desibeli ngapi, yaani sauti kubwa kiasi gani, ikisikilizwa kutoka mita 1 na kupewa volti 2.83, ambazo kwa spika ya omu 8 (omu hupima spika inavyoupinga umeme) ni wati 1. Jozi ya blanketi ilikuwa na 87. Askari wana 92. Tofauti ya desibeli 5 ni sawa na kumpa mmoja nguvu ya amplifaya zaidi ya mara tatu ya mwenzake. Na sikio lina ujinga wake: likipewa sauti mbili zinazofanana, moja ikamzidi mwenzake kwa desibeli 1 tu, halikuambii kwamba hii ni kubwa zaidi. Linakuambia hii ni safi zaidi, ina uhai, ina mwili. Nilinunua desibeli tano, nikazibeba nyumbani ndani ya makasha mawili mazito.

Wiki ya kwanza nilikuwa bwana harusi. Kila mgeni alipigiwa manyanga. Wiki ya tatu nikajiona nina tabia mpya: nikisikiliza nusu saa nazima. Sikuwa na hasira na chochote, nilinyoosha mkono tu nikazima, kama mtu anayevua kofia inayombana. Ni mke wangu aliyeniambia. "Baba watoto, siku hizi husikilizi mpaka mwisho." Alama hiyo naiamini kuliko vipimo vingi. Spika inayokufanya uzime bila kujua kwa nini ina neno, hata kama ukikaa kuitafutia kosa hulioni.

Ndipo nikapiga rekodi ya kwaya. Filimbi ya mwimbaji wangu ilikuwepo, tena kwa wingi: safu nzima ya sauti ya pili walikuwa na filimbi, na wa sauti ya kwanza nao wameambukizwa. Kila neno lenye s lilitoka likichoma. Kiti cha ubeti wa pili hakikulia kama mti unaolalamika, kililia kama kucha kwenye bati. Twita ya Askari imeongezewa sauti pale juu, eneo la hezi 8,000 hivi (hezi ni mitetemo kwa sekunde), mahali zinapokaa s na z za binadamu na mchanga wa manyanga. Dukani ndiyo hasa iliyoniuzia. Nyumbani, kwa kwaya, ikawa shida.

Besi yao ilikuwa na ugonjwa mwingine, na hapa nataka kwenda polepole kwa sababu nusu ya kosa haikuwa yao.

Sebule yangu ina urefu wa mita 5.2 na upana wa mita 4. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Chukua mwendo huo, ugawe kwa urefu wa chumba mara mbili: unapata hezi 33. Hiyo ndiyo noti ya kwanza ambayo chumba changu kinapenda kuimba chenyewe, mawimbi yakienda ukutani na kurudi yakakutana na ndugu zao. Inayofuata ni 66, ya tatu ni 99. Kwa upana ni 43, jirani kabisa na uzi mnene wa gitaa la besi, ambao ni 41. Hakuna spika inayoweza kukwepa hesabu hiyo. Uilete kutoka popote, chumba kitaimba noti zake.

Sasa, kochi langu lilikuwa limeegemea ukuta wa nyuma, kama makochi mengi duniani. Ukutani ndipo noti hizo zote zinapokuwa na nguvu kuliko mahali pengine. Baba zangu wa sauti ya nne wana wimbo mmoja wanaoshuka mpaka G ya chini, hezi 98. Kila walipoigusa, chumba kiliitikia pamoja nao, makabati yakatetema, na ile noti ikabaki hewani wenzake wawili wameshapita. Niliwashtaki Askari kwa kosa hilo mwezi mzima. Siku niliyosogeza kochi mbele sentimita 70, noti ya G ilipungua ikakaa karibu na jirani zake. Spika ile ile, amplifaya ile ile, waya ule ule. Watu hubadilisha waya mara tatu kabla ya kusogeza kochi.

Kwa hiyo nawatendea haki: mngurumo ule mzito haukuwa wao. Kilichobaki baada ya kusogeza kochi ndicho chao, nacho ni besi iliyovimba katikati na isiyo na miguu. Mafundi wa makasha wana kanuni ya kale kwamba kuna mambo matatu, kasha dogo, besi ya chini kabisa, na sauti kubwa kwa umeme kidogo, nawe unaruhusiwa mawili. Ndiyo maana spika ndefu zipo. Urefu ni njia ya kupata hewa nyingi ndani ya kasha bila kula sakafu. Askari wameitumia hewa yao kupata ukubwa wa sauti, na besi wakaiongeza pale inapogonga kifua, hezi 80 mpaka 100, halafu chini ya hapo wanakwisha haraka. Ngoma inapiga kishindo, lakini ngozi ya ngoma huioni. Gitaa la besi likishuka ngazi, noti mbili za chini unazihisi kwa kukumbuka tu.

Wazee walikuja kwa mlango wa nyuma. Mwalimu mwenzangu alikuwa anahama nyumba, hana pa kuwaweka, akaniambia, "Ndugu yangu, wachukue, ukiwachoka wafanye meza ya maua." Niliwaunganisha jioni ile ile nikasikitika. Sauti haikuwa na katikati. Mwimbaji wa pekee alikuwa kushoto, kulia, nyuma ya kisogo changu, popote isipokuwa mbele. Besi haikuwepo kabisa. Kijana wangu alipita akauliza, "Baba, huyo dada kahamia kabatini?"

Yeye ndiye aliyenisaidia bila kujua. Sauti ya mtu mmoja isiyo na mahali, pamoja na besi iliyotoweka, ni dalili ya kitu kimoja: spika moja inasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta. Nilikuwa nimegeuza waya mwekundu na mweusi kwenye spika ya kulia. Mwalimu wa kwaya mwenye miaka yote hii. Nilizigeuza, na yule dada akatoka kabatini, akasimama katikati ya spika mbili, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila ukuta. Tangu hapo kila jozi ninayoisikiliza naanza kwa kuigeuza ipige sauti moja tu pande zote, mono, na kutega mahali pa mwimbaji. Akiwa mwembamba katikati kama mtu amesimama, waya ziko sawa na spika mbili zinafanana. Akitandazwa kama shuka, kuna kasoro mahali. Floyd Toole, aliyefanya utafiti wa spika miaka mingi katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada kisha katika kampuni ya Harman, amesisitiza jambo lililo jirani na hili: kasoro za spika husikika wazi zaidi ukiisikiliza moja peke yake kuliko mbili. Stereo husamehe mengi.

Baada ya waya kuwa sawa, Wazee bado walinivunja moyo. Kwa kweli. Walisikika wa kawaida. Manyanga yalikuwa manyanga, si mchanga. Ngoma ilikuwa ngoma ya mtu wa jirani, si radi. Nilitaka kuwafanya meza ya maua. Lakini safari hii niliamua kutorudia kosa la dukani, nikafanya mambo kwa utaratibu.

Nilisimamisha jozi zote mbili pamoja, bega kwa bega, ili chumba kisimpendelee mmoja. Nilipakua programu ya kupima desibeli kwenye simu, nikaweka simu mahali pa kichwa changu kochini, nikapiga ule mvumo wa majaribio unaofanana na mvua kubwa juu ya majani, nikapunguza na kuongeza mpaka kila jozi ikasoma 72. Simu si kifaa cha maabara, ila kwa kulinganisha vitu viwili mahali pamoja inafaa. Kisha nikatundika shuka jepesi mbele ya zote, kijana akawa nyuma yake akibadilisha waya, mimi na mke wangu tukaandika kwenye karatasi.

Shuka si mzaha. Mwaka 1994 Toole na mwenzake Sean Olive walichapisha jaribio walilofanya kwa wafanyakazi 40 wa Harman, watu wanaoishi na spika kazini kila siku. Walisikiliza spika aina nne, mara moja bila kuziona, mara nyingine wakiziona. Tatu zilikuwa kubwa za kusimama sakafuni, ya nne ilikuwa seti ndogo ya bei nafuu. Zilipofichwa, ile ndogo ilijitetea vizuri mbele ya wakubwa. Zilipoonekana, alama zake ziliporomoka. Masikio ni yale yale, kilichoongezeka ni macho. Nami nilikuwa na Askari wanaong'aa na Wazee waliopauka, na mmoja kati yao nilikuwa nimemlipia.

Kwangu mimi shuka halikusaidia sana, nakiri, kwa sababu neno la kwanza lenye s lilinitajia jina la aliyekuwa anapiga. Mke wangu ndiye aliyekuwa hakimu wa kweli. Hajali spika hata kidogo, na hilo ni sifa. Nyimbo za ngoma na za kucheza alichagua Askari mara tatu kati ya nne, na naliandika hapa bila kulificha. Sauti za watu, iwe kwaya, iwe mtu mmoja na gitaa, iwe msomaji wa habari, alichagua Wazee kila mara, mara sita kati ya sita. Nilipomuuliza sababu alisema, "Hawa wengine wanatabasamu muda wote." Nimesoma maelezo mengi ya kitaalamu kuhusu sauti iliyoinuliwa besi na kuinuliwa twita huku katikati ikiachwa bondeni. Sijakuta bora kuliko hilo.

Katikati hiyo ndiyo habari yenyewe ya Wazee. Sauti ya binadamu, kuanzia baba wa besi hezi 80 na kitu mpaka herufi kali za kule hezi elfu kadhaa, inapita kwenye wufa na twita na kwenye ule mpaka wa kukabidhiana kazi, yaani krosova. Spika mbaya husikika pale mpakani: mwimbaji anapopanda anabadilika kuwa mtu mwingine, kifua kinabaki kwa mmoja na midomo inahamia kwa mwingine. Kwa Wazee, mwimbaji wangu wa sauti ya kwanza anapanda kutoka chini mpaka juu akiwa na koo lile lile. Yule baba anayeingia mapema anasikika akivuta pumzi kabla ya kukosea, kwa hiyo sasa namjua dakika anapoamua. Kiti cha ubeti wa pili kipo kushoto, hatua mbili nyuma ya mstari wa waimbaji, na nimewahi kugeuza kichwa. Kikohozi changu kiko karibu kuliko vyote, hapo hapo mbele ya pua, kama inavyopasa, maana maikrofoni zilikuwa mbele yangu.

Wana masharti. Ukisimama, sauti inafifia na kuwa ya puani. Twita iko sentimita 88 kutoka sakafuni, karibu na sikio la mtu aliyeketi, na ukiondoka kwenye usawa huo wufa na twita hazikufikii kwa pamoja. Ukiwanunulia watu wa kucheza na kuzunguka chumbani, umewakosea. Nao wanakula umeme: kijitabu kinasema omu 6, lakini mahali fulani kwenye besi wanashuka karibu na 3.5, na amplifaya yangu ndogo ya zamani ilikuwa inapata joto la kuogofya. Niliazima yenye kifua zaidi, besi ikatulia. Sauti kubwa sana hawaitaki. Wakisukumwa hawapasuki, wanajikunja, kila kitu kinasogeleana kama watu kwenye mvua.

Wanachowashinda wenzao waziwazi ni usiku, sauti ikiwa chini. Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio linapoteza besi haraka kuliko sauti nyingine kadiri sauti inavyopungua, kwa hiyo kila spika husikika imekonda usiku. Lakini hazikondi sawasawa. Askari wakipunguzwa wanabaki twita tupu, tss tss, kama redio ya jirani. Wazee wakipunguzwa mpaka mtu anaweza kunong'ona juu yao, maneno yote bado yapo. Watu hujaribu spika kwa kupandisha. Ningeshauri uanze kwa kushusha.

Jaribio la mwisho sikulipanga. Waimbaji watatu wa sauti ya pili walikuja nyumbani kurudia kifungu kigumu, yule wa filimbi akiwemo. Nikawaomba wasimame kati ya Wazee wawili, waimbe ubeti mmoja, kisha nikapiga ubeti huo huo kutoka kwenye rekodi. Nilijua historia ya mambo haya. Kuanzia mwaka 1915 kampuni ya Thomas Edison ilizungusha maonyesho ambapo mwimbaji alisimama jukwaani karibu na mashine ya santuri, taa zikazimwa, na hadhira ikatakiwa kusema ni nani anayeimba. Wengi waliapa hawakuweza kutofautisha. Baadaye ikajulikana kwamba waimbaji walikuwa wakizibana sauti zao zilingane na mashine.

Wangu hawakubana kitu. Walipoimba, chumba chote kiliimba, dari, sakafu, glasi za kabatini. Rekodi ilipofuata, hata kupitia Wazee, ilikuwa kama mtu amefunga dirisha. Sauti zilikuwa zao, mahali palikuwa pao, lakini ule upana wa vifua vitatu vinavyosukuma hewa kila upande haukuwepo. Mwimbaji wangu alijisikiliza akakunja uso. "Mwalimu, mimi ndiye ninayepiga mluzi hivyo?" Nikamwambia kidogo tu. Akasema, "Basi hao wenzao weusi wasinipige."

Na jambo lililonishangaza: filimbi yake halisi, nikiisikia sebuleni kwangu hatua tatu mbele yangu, ilikuwa kali kidogo kuliko Wazee wanavyoitoa. Miezi yote nilikuwa nawasifu kwa ukweli, kumbe wanampunguzia. Twita yao ya kitambaa inazima mwisho wa ile s, ncha yake, na mimi kwa kuchoshwa na Askari nikauita upungufu huo unyofu. Askari wanamzidishia mara kadhaa, Wazee wanamsitiri kidogo. Nikilazimishwa kuishi na uongo mmoja, nachukua huo wa pili, nao nimeupunguza kwa kuwageuza Wazee watazame kochi moja kwa moja badala ya kutazama mbele.

Askari hawakutupwa. Kijana amewapeleka kwenye banda analofanyia mazoezi ya densi na wenzake, mahali pakubwa, penye watu wanaosimama na kuruka, wasio na muda wa kusikiliza herufi. Nimepita pale nikasikia kishindo chao kutoka nje, nikakubali kwamba wanajua kazi yao. Wenzake wamewapamba kwa karatasi za rangi.

Kilichobaki nyumbani ni deni la soksi. Wazee wana tundu la hewa kwa nyuma, na nilipowahamishia mahali pao pa kudumu, yule wa kushoto aliangukia karibu na kona ya chumba, besi yake ikavimba kuliko ya mwenzake. Nilichukua soksi mbili za kuchezea mpira za kijana wangu, nikaviringisha moja kwa kila tundu. Wa kulia alikonda mno nikaitoa, nikamrudishia mwenyewe akiwa amekasirika tayari. Ya kushoto bado imo ndani, na kila Jumamosi kabla ya mechi ananiuliza kama nimeshapata sponji.